Bibi wa Mfalme na Mama wa Ufalme

Maneno haya yalianzia kwenye teatro ya wanafunzi. Mwaka 2012, masomo yalipokuwa yanakaribia kufungwa, wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wa sekondari hapa Kolwezi walitunga mchezo wa nchi ambayo haiko kwenye ramani yoyote. Katika nchi ile mfalme hazaliwi akiwa mfalme. Mmoja akifa, wazee wanakaa chini ya mti, wanapima watoto wa nyumba ya kifalme mmoja mmoja, halafu wanachagua. Watoto walitengeneza bangili ya ufalme kwa nyuzi za shaba walizookota, wakashona kofia na mabaki ya vitenge. Palibaki jambo moja lililowagombanisha wiki nzima: bibi wa mfalme yule aitwe nani? Wasichana walitaka aitwe malkia. Wavulana walibisha: kwa nini malkia, yeye alichaguliwa lini? Walikuja kwetu tukate kesi. Sisi tulijibu kama walimu wanavyojibu saa sita za mchana wakiwa na njaa: bibi wa mfalme ni malkia, endeleeni.

Siku ya mchezo tulikuwa tumealika wazee wachache. Mmoja wao, mzee wa Kilunda aliyefanya kazi mgodini mpaka pansheni, alisimama kila mtu alipokuwa anapiga makofi.

"Mwalimu," akasema, "ule malkia, nani alimuchagula?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Aliendelea: "Bwana yake, sawa, bazee balimuchagula, tumebaona. Lakini ule mama, ni bwana yake tu njo alimuchagula. Sasa anakaa ku kiti ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwendea nyumbani kwake mara nyingi baada ya siku ile, na mengi ya hapa tuliyapata kwake, mengine katika vitabu. Yangekuwa mafundisho tu ya kuwajaza wanafunzi daftari, kama swali lile lile halingeingia mwaka uliofuata katika nyumba ya yaya yetu.

Kwanza tuseme habari za Musumba. Wengi wa Kolwezi wanajua jina la Mwant Yav, lakini wanafikiri ni mambo ya mbali. Si mbali. Musumba iko katika territoire ya Kapanga, na tangu Katanga igawanywe mwaka 2015 tuko naye katika jimbo moja la Lualaba. Yav alikuwa mtu kwanza; jina lake likageuka jina la kiti, na kila anayekalia kiti kile anakuwa Mwant Yav. Na kiti hakiendi moja kwa moja kwa mtoto wa kwanza. Wakubwa wa baraza wanachagua katika wana wa ukoo. Aliyechaguliwa anavikwa lukano, bangili ya mishipa ya watu. Bila lukano yeye ni mtoto wa mfalme kama wengine.

Hadithi ya lukano wazee wanaisimulia hivi. Mfalme Nkond alikuwa anasuka mkeka, pembeni yake pana chombo cha maji ya kulowanisha nyuzi. Watoto wake wanaume, Chinguri na Chinyama, walifika wamekunywa. Waliona yale maji meupe, wakadhani ni pombe baba anawanyima. Wakamtukana, wakampiga. Binti yake Ruwej ndiye aliyemwinua na kumtunza, na mzee kabla ya kufa akamwachia lukano yeye. Ruwej akatawala pamoja na wazee. Baadaye akaja muwindaji kutoka kwa Waluba, Chibind Ilung, mtu wa nyumba ya kifalme ya kwao. Ruwej akampenda, wakaoana. Siku moja, kwa kuwa alikuwa katika siku zake za mwezi na haikuruhusiwa avae lukano siku zile, akampa bwana yake ashike. Wazee walipokuja barazani wakakuta bangili iko kwenye mkono wa mgeni. Chinguri na Chinyama wakakasirika, wakaondoka na watu wao kuelekea magharibi na kusini. Ndiyo maana mpaka leo Angola na Zambia kuna watu wanaosema asili yao ni kule.

Tukisoma hadithi ile na wanafunzi, kila mara wanakimbilia mapenzi. Sisi tunawarudisha kwenye bangili. Angalieni: si mwanamke aliyeolewa akapata jina la bwana, ni bwana aliyeoa akapata jina la mwanamke. Na wakati ule ule ndugu wakapinga, kwa sababu ndoa ilikuwa imefanya kazi ya uchaguzi bila wachaguzi kuulizwa.

Halafu kuna sehemu ya pili, ambayo watu wanaisahau. Ruwej hakuzaa. Akamtafutia bwana yake bibi mwingine, Kamong, na huyo ndiye aliyemzaa Yav. Kwa hiyo mama wa kiti ni mmoja, na mama wa mtoto ni mwingine. Walunda hawakuficha jambo hilo, walilijengea vyeo. Nswan Murund anashika nafasi ya Ruwej: ni mama wa Walunda wote. Rukonkesh, ambaye wengi hapa wanamwita Lukonkesha, ni mama wa mfalme kwa cheo, hata kama mfalme ni mkubwa kuliko yeye kwa miaka. Hakuna mmoja wao aliyepata cheo kwa kuolewa na Mwant Yav. Wanachaguliwa, kama yeye anavyochaguliwa.

Wazungu waliofika Musumba katika karne ya 19, akina Paul Pogge mwaka 1875 na Max Buchner miaka michache nyuma yake, walishangaa sana na mama huyu. Walikuta Lukonkesha ana baraza lake, vijiji vyake, kodi yake. Waliandika kwamba Mwant Yav alichaguliwa na wakubwa wanne katika wana wa mabibi wawili wakubwa wa mfalme aliyetangulia, na kwamba Lukonkesha ilibidi akubali. Yeye naye alichaguliwa hivyo hivyo katika mabinti wa mabibi wale wawili, na hakutakiwa kuzaa. Mabibi wale wawili walikuwa na majina yao, Muari na Temena. Hapa basi tunakuta jibu la wanafunzi wetu: ndiyo, bibi anaweza kuwa na jina kubwa. Lakini Muari ni jina la kazi yake katika nyumba, na faida yake inaonekana kwa watoto, maana mwana wake anaweza kupimwa siku ya uchaguzi. Yeye mwenyewe hakai kwenye kiti. Anayekaa karibu na kiti ni mama aliyechaguliwa.

Mtu asidhani ni mambo ya Waafrika peke yao. Sisi tunaofundisha historia tunajua Polandi, ambako wakubwa walikuwa wanamchagua mfalme kwa sauti zao. Mwezi wa Desemba 1575 walimchagua Anna, binti wa wafalme wa zamani, na pamoja naye Stefan Báthory kutoka Transylvania, kwa sharti kwamba amwoe. Walioana na kuvikwa taji tarehe 1 Mei 1576. Anna alikuwa na miaka 52, bwana alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi. Hawakuzaa mtoto. Utawala ulishikwa na bwana, na hata hivyo bila Anna mgeni yule asingeingia mlangoni. Tulipomsimulia mzee wetu, alitikisa kichwa akasema: "Ruwej wa bazungu." Akaomba tumuandikie jina lile kwenye karatasi.

Sasa tuje nyumbani.

Yaya yetu, mtoto wa kwanza wa mama, aliolewa mwaka 1994. Mali ilitolewa yote, ndoa ikafungwa kanisani na kwa serikali. Sisi ni Waluba wa upande wa Bukama. Shemeji ni mtu wa ushefu mmoja unaofuata desturi za Kilunda, ng'ambo ya mto Lualaba. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa wenye mambo wako wazima. Shemeji alikuwa fundi wa umeme. Walipanga nyumba, walizaa watano, miaka ambayo kampuni hailipi mshahara yaya aliuza samaki na unga sokoni, watoto hawakufukuzwa shuleni hata mwezi mmoja. Mwaka 2013 mjomba wa shemeji aliyekuwa shefu alifariki. Wazee walikaa wiki mbili, wakapima wanaume wanne, wakamchagua shemeji. Hakuwa ameomba.

Tulifurahi, tusiseme uongo. Yaya alinunua pagne mpya mbili. Tuliona tayari picha: shemeji katika ngozi ya chui, yaya pembeni yake.

Wazee watatu wakaja Kolwezi. Walikunywa munkoyo, walisifu watoto, halafu wakasema walichokuja kusema. Kiti kina bibi yake. Siku ya kuvikwa, shefu lazima aingie katika nyumba ya moto mpya pamoja na mwanamke wa ukoo unaojulikana, na mwanamke huyo ndiye anayebeba jina. Yaya si wa ukoo ule, tena ni Muluba. Heshima yake ya nyumbani hakuna atakayeigusa. Lakini kwa kiti wamekwisha kupata msichana.

Yaya alinyamaza kwanza. Halafu akauliza, kwa utaratibu: "Chibind Ilung alikuwa kabila gani?"

Mzee mmoja alicheka, akaangalia chini. Muluba, ndiyo. Lakini akajibu vizuri, na lazima tuandike jibu lake kwa haki: "Mama, ule alikuwa bwana ya mwenye kiti. Weye uko bibi ya mwenye kiti. Mulango haiko moja."

Hapa lazima msomaji aelewe fikra iliyokuwa nyuma ya maneno yale, maana si ukaidi tu. Kwa Walunda anayepokea jina anapokea pia undugu wa jina. Kama Yav wa zamani alikuwa mwana wa fulani, Yav wa leo bado ni mwana wa fulani, hata kama damu imekwenda njia nyingine. Kwa namna hiyo ufalme uliweza kutandaa mbali bila jeshi kubwa kukaa kila mahali: mashefu walikuwa ndugu kwa majina. Kazembe aliyewekwa huku kwenye mashimo ya chumvi ya Lualaba, na Kazembe wa Luapula ambaye leo yuko Zambia, undugu wao na Musumba unasomwa hivyo. Hata ugomvi wa chumvi, ule ambao Chinyanta alitoswa katika mto Mukulweji kwa sababu alipeleka habari Musumba kwamba chumvi inafichwa, mpaka sasa unasimuliwa kama jambo la jana kati ya watu wale wale. Basi wazee waliposema kiti kina bibi yake, kwao huyo bibi ana umri wa kiti. Anayebadilika ni mwili tu.

Ni fikra nzuri. Ubaya wake ni kwamba mwili ule ni wa mtu.

Sisi tulimsaidia yaya kwa silaha tulizokuwa nazo, yaani vitabu. Tulimsomea Code ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987: mtu hafungi ndoa ya pili wakati ya kwanza haijavunjika. Tulimwambia Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya desturi, lakini kwa sharti kwamba desturi isipingane na sheria. Wazee wakajibu kwamba hawaleti ndoa ya serikali, wanaleta bibi wa kiti, na mifano si imejaa? Wakamtaja M'siri wa Bunkeya, ambaye alioa kila mahali alipotawala, mpaka akachukua Maria de Fonseca kutoka kwa Wareno wa Angola. Tukawaambia M'siri alikuwa mtu wa biashara kutoka Unyamwezi, ufalme wake aliujenga mwenyewe, mabibi walikuwa njia zake za kupata habari na bunduki, na ndoa zile zote hazikumkinga siku ile ya tarehe 20 Desemba 1891 Wazungu wa Stairs walipomwua. Mmoja akataja Tshombe, aliyemwoa binti wa Mwant Yav Ditend. Tukajibu: vizuri, na je, ndoa ile ilimpa lukano? Ilimpa ukwe. Ukubwa wa Katanga aliupata kwa njia nyingine mwaka 1960, na aliyekuja kuwa Mwant Yav katika nyumba yao alikuwa ndugu yake, kwa kuchaguliwa.

Tulijiona tumeshinda. Mwezi mzima tulikwenda na kurudi tukibishania jina la yaya: aitwe hivi, asiitwe vile, akae mkeka upi.

Na mwezi huo mzima kulikuwa na benchi moja wazi darasani kwetu, ya tatu upande wa dirisha. Tuliandika "hayuko" kila asubuhi. Msichana wa miaka 16, mwenye maandishi mazuri, anayeuliza maswali kidogo. Wenzake walisema ameenda kijijini kwa bibi yake mgonjwa. Ni mzee wetu, yule wa teatro, aliyetuambia bila kuangalia uso wetu: "Ule mutoto banatafutia shefu, haumujue? Si anasomaka kwako?"

Tunaandika jambo hili kwa haya. Tulikuwa tumesoma Pogge na Buchner, tulikuwa tumefika mpaka Polandi, na hatukuwa tumeuliza jina la msichana.

Usiku ule tulikwenda kwa yaya. Tulifikiri atalia. Alisema: "Mi niko na miaka makumi ine. Bwana ni wangu, kiti ni ya bantu, babaki nayo. Lakini ule ni mutoto. Tunaenda."

Tulifika siku ya tatu, barabara ilikuwa mbaya, mvua za Januari 2014. Safari hii hatukuanza na Code, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya mtoto ilikuwa mfukoni, nayo inakataza wazi kuoza mtu ambaye hajafika miaka 18. Mzee wetu alikuwa ametushauri tuingie kwa mlango wao. Yeye mwenyewe alikubali kuja, na ndiye aliyesema. Aliwauliza: Nswan Murund analala na mfalme? Hapana. Lukonkesha analala na mfalme? Mwiko, ni mama yake. Basi mama wa kiti ni mama. Nani alisema katika nyumba ya moto mpya lazima aingie msichana? Waliomtangulia walikuwa na umri gani?

Wakabishana mpaka jua likapinduka. Ikaonekana kwamba wa mwisho, wakati wa mjomba, alikuwa kweli msichana. Lakini aliyemtangulia alikuwa dada wa shefu, mwanamke mzima aliyefiwa na bwana. Mama mmoja mzee sana, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake, ndiye aliyekumbuka, na alitaja na mvua ya mwaka ule. Hakuna aliyeweza kumpinga. Wanaume walitoka kando, wakarudi. Shangazi wa shemeji, mjane wa ukoo ule ule, akachaguliwa. Tunasema akachaguliwa, maana walimpima kama walivyompima shemeji: wakataja majina mawili mengine, wakayaacha.

Na shemeji? Wengine watauliza kwa nini hatumtaji. Alikuwa amefungiwa ndani siku zile kama desturi inavyotaka, haruhusiwi kusema. Yaya anaamini angekataa. Sisi hatujamuuliza.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Baba wa msichana alikuwa amekwisha kupokea mbuzi wawili na vitenge, akavidai heshima yake, na kwa muda mrefu hakutusalimia. Msichana alirudi darasani mwezi wa Machi, amepoteza mitihani ya nusu mwaka, akarudia mwaka mzima. Alipata diploma ya serikali mwaka 2017. Alikuja kutuonyesha karatasi. Juu ya mambo ya kijiji hakusema neno, na sisi hatukumgusa.

Mwaka 2015, tarehe 25 Agosti, ikatoka sheria ya mashefu wa desturi. Inasema shefu anapatikana kwa desturi ya mahali, halafu serikali inamtambua. Tuliisoma yote tukitafuta bibi wa shefu. Tulifikiri tungemwonyesha yaya mstari mmoja wenye nafasi yake. Yaya alicheka, akasema kama serikali nayo imemsahau, basi wamelingana na wazee.

Yeye alibaki Kolwezi na biashara yake. Shemeji anashuka mjini kila mwisho wa mwezi, anavua kofia mlangoni, anatengeneza waya za majirani. Wakati wa mavuno ni yaya anayepanda kwenda kule. Hapiti mlango wa mbele wa kiwanja, anapita upande wa jiko, mkeka wake uko na wanawake wa nyumba. Shangazi akiingia, yaya anasimama pamoja na wengine, anapiga makofi ya heshima. Shangazi anamwita "mwanangu," kwa kuwa kwa cheo ni mama wa bwana yake, ingawa wamepishana miaka michache tu. Halafu, watu wakitawanyika, wawili wale wanakaa jikoni kusonga bukari, na ni yaya anayemfundisha bei ya samaki ya Kolwezi.

Karatasi za mchezo wa wanafunzi tunazo. Kila mahali palipoandikwa "malkia" tulipiga mstari kwa bic nyekundu. Darasa la mwaka huu wanataka kuucheza tena, na wamekwisha kuanza kugombana juu ya neno la kuweka pale.